Kuhama nyumba na watoto wanaosomea nyumbani: vile tulivotoka Malindi tukaingia Lamu

Wenzetu wakihama wanachukua barua ya uhamisho, wanatafuta shule ya karibu, Jumatatu mtoto yuko darasani na yunifomu mpya, kwisha. Sisi tunaosomesha nyumbani hatuna hiyo. Siku lori linakuja kubeba vitanda ndo siku hiyo hiyo na shule inapanda lori, mwalimu mkuu ndo huyo anafunga sahani kwa magazeti, dawati ndo hilo limepinduliwa miguu juu sebuleni, na wanafunzi wako wapi, wako juu ya magodoro wanaruka.

Mi nimehama na watoto watatu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ndani ya Malindi tu, kutoka Shela kwenda Muyeye, safari ya tuktuk, na ndo niliharibu vibaya. Nikaanza na vitabu, manake nikajiambia vitabu havivunjiki wala haviozi, acha vitangulie, basi vikafungwa vya kwanza, vikaingia lorini vya kwanza, na huko tulikoenda vikaingia stoo chini kabisa, juu yake makochi, juu ya makochi magunia ya vyombo. Wiki tatu hatujaona hata kalamu. Wa kati alikuwa ndo ameanza kugawanya kwa tarakimu mbili na alikuwa anaenda vizuri, tulipokuja kurudi ikabidi tushuke mpaka majedwali ya sita, mtoto analia, mi nalia, babao anatuangalia.

Kwa hivyo tulipoamua kwenda Lamu nikaapa: safari hii darasa litafungwa la mwisho na litafunguliwa la kwanza, kabla ya jiko. Hayo mengine yote hapa chini yametokana na hilo.

Hatua ya 1: Iangalie nyumba saa za masomo, sio saa za dalali

Dalali atakupeleka jioni, upepo unavuma, azana ya magharibi inakaribia, nyumba yote inapendeza. Usitoe dipoziti. Rudi saa tatu asubuhi siku ya kazi ukae nusu saa nzima. Nyumba ya kwanza tulioonyeshwa huko Lamu, mtaa wa Langoni, niliipenda mpaka nikaanza kupanga wapi nitaweka mitungi, niliporudi asubuhi kumbe chini yake kuna karakana ya seremala, randa na msumeno na nyundo kuanzia saa mbili, mafundi wazuri watu wa heshima lakini huwezi kumfundisha mtoto kusoma silabi juu ya msumeno.

Cha pili ni mwanga. Nyumba za mawe za Lamu, hizi za mji wa kale uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na si kwa mapenzi ya fundi, ni kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti haifiki mbali, mita mbili unusu, tatu hivi basi. Madirisha ya barabarani ni machache, mwanga unaingia kutoka kiwandani, yaani ule uwazi wa katikati ya nyumba. Kwa hivyo chumba cha nyuma chenye zidaka nzuri nzuri, vile vishubaka vya ukutani, mahali pa kulala pazuri mno kwa ubaridi wake, kwa kusomea ni giza. Mi nilienda na kitabu cha mdogo chenye herufi ndogo, nikakaa sakafuni kila mahali ambapo nilidhani meza itakaa, nikajaribu kusoma bila kuwasha taa. Mahali pawili tu palifaa, ukumbini mkabala wa kiwanda, na darini juu chini ya makuti.

Darini kuna upepo, na hapa nakuonya. Upepo wa kusi ukija hauombi ruhusa, karatasi za hesabu za mkubwa zilipaa siku ya kwanza zikatua kwa jirani wa tatu, akazirudisha mtoto wao amezikunja vizuri na ameshasahihisha moja. Sasa kila mtu ana jiwe lake la kuwekea karatasi, wameyaokota pwani wakayapaka rangi.

Cha tatu, simu. Kuta za matumbawe ni nene, mtandao unafia mlangoni. Kama mnatumia video au masomo ya intaneti, pita na simu yako chumba kwa chumba ujaribu kushusha kitu, usikubali "mtandao upo" ya dalali, upo ndio, lakini kwenye ngazi. Uliza pia stima ni mita yenu peke yenu au mnachangia tokeni na wa chini, na maji ya mfereji yanakuja siku gani, manake siku ya maji hakuna somo la asubuhi, watu wote wanajaza madebe.

Halafu pima ngazi na milango. Tulimpa mkubwa tepu tukamwambia hii ndo hesabu yako ya leo, andika upana wa mlango, upana wa ngazi, urefu mpaka dari, tukirudi Malindi utapima makabati na vitanda utuambie kipi kitapita. Alisema kabati la nguo halipiti. Babake akasema litapita tu. Halikupita. Lilipandishwa darini kwa kamba mbele ya mtaa mzima, na yule mtoto mpaka leo hajatusamehe kwa kutomsikiza.

Hatua ya 2: Makaratasi

Hapa usifanye mchezo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anaenda shule, na hili swala la kusomesha nyumbani watu wameshabishania mpaka kortini, kwa hivyo mgeni ukiingia mtaa mpya na watoto watatu wanaoonekana saa nne asubuhi wako nje, lazima mtu atauliza, na haki yake. Usingoje aulize. Mi nina faili moja la plastiki, ndani yake vyeti vya kuzaliwa na fotokopi zake, kijitabu cha kliniki cha chanjo cha kila mtoto, orodha ya mada tulizosoma kila muhula, na sampo za kazi, yaani karatasi tatu nne za mwanzo wa mwaka na tatu nne za sasa, mtu akizilaza pamoja aone mwenyewe mtoto amesogea. Hilo faili halipandi lori, linakaa kwenye mkoba wangu pamoja na kitambulisho.

Kama mnafuata mtaala wa Kenya, pakua miongozo ya mtaala ya gredi zenu kutoka KICD, taasisi ya serikali inayotunga mtaala, kabla hujatoka mahali penye mtandao mzuri, ni bure, na fanya fotokopi za kurasa unazotumia. Kubwa zaidi ni mitihani. Mitihani ya kitaifa, KPSEA ya gredi ya sita na KJSEA ya gredi ya tisa, mtoto anasajiliwa KNEC, baraza la mitihani, kupitia shule, nyumbani kwako sio kituo, na usajili unafungwa miezi kabla ya mtihani wenyewe. Wanaofuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza nao mitihani yao mikubwa ni Mei na Juni au Oktoba na Novemba, nayo lazima iwe kwenye kituo kilichokubaliwa. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kodi ya nyumba uliza mtihani utafanyiwa wapi, na kama kituo ni kule unakotoka, hesabu nauli na mahali pa kulala. Nikiwa na mtoto wa mwaka wa mtihani mi singehama baada ya Juni, watu wanahama na wanafaulu, lakini mi singehama.

Hatua ya 3: Chagua tarehe kwa bahari, sio kwa mwisho wa mwezi

Watu wa bara wanahama tarehe thelathini kodi ikiisha. Kwenda kisiwani kama Lamu mwenye tarehe ni bahari. Masika, Aprili mpaka Juni, vitabu vitalowa tu hata ufunge vipi, na kusi ikikaza maji yanakuwa na mawimbi, mizigo inarukiwa. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, ndo nzuri. Usihame Ramadhani, sihitaji kueleza. Na usiingie Lamu wiki ya Maulidi mwezi wa mfungo sita, mji unafurika wageni kutoka kila pembe, maboti yamejaa, vyumba vimejaa, punda wenyewe hawana nafasi. Njoo wakati huo kutembea, sio kuhama.

Halafu ndani ya mwezi angalia maji. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa sana mida ya saa nne saa tano asubuhi, mizigo inabebwa mbali na watu wanateleza kwenye ngazi za gati. Tafuta siku ambayo maji yatakuwa yamejaa saa mtakayofika. Hii kazi nilimpa wa kati. Nilimwambia maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, leo yamejaa saa fulani, tukiondoka siku kumi baadaye yatajaa saa ngapi? Alikaa nayo siku mbili, akakosea, akarudia, na alipokuja kupata akakimbia ufukweni kuhakikisha. Katika mambo yote ya kuhama hilo ndo somo lilioingia zaidi, manake jibu lake lilikuwa na kazi, babake alipiga simu kwa mwenye boti kwa hesabu ya mtoto.

Hatua ya 4: Punguza vitabu, funga kwa masanduku madogo

Mzazi anayesomesha nyumbani ni mkusanyaji, tusidanganyane. Nilikuwa na vitabu vya chekechea vya mtoto ambaye sasa ana ndevu zinaota, nikivishika nakumbuka, navirudisha. Kanuni yangu ikawa hii: kitabu ambacho hakuna mtoto atakifungua ndani ya mwaka kinatafuta mwenyewe mwingine. Vingine vikaenda kwa jirani, vingine kwa madrasa ya mtaani, nikabakia na vile vya hadithi ambavyo vinasomwa mpaka jalada linatoka, hivo sipeani.

Maboksi ya duka usiyatumie kwa vitabu. Kwanza unyevu na chumvi ya Lamu vinaingia kila mahali, halafu mchwa. Tumia masanduku ya bati yale ya shule za bweni au ndoo za plastiki zenye mfuniko, na ziwe ndogo. Boksi kubwa la vitabu mtu mmoja hawezi kuliinua, na kumbuka ndani ya mitaa ya zamani lori haliingii, mzigo utashuka Mokowe, gati ya upande wa bara, utapanda boti, utashuka gatini, utapanda mkokoteni au punda, kisha utapanda ngazi kwa mgongo wa hamali. Yaani mzigo mmoja unashikwa mara tano. Na punda anabebeshwa shogi, ile mifuko ya mzigo ya pande mbili, upande mmoja ukiwa mzito mzigo unapinduka na mnyama anaumia, kwa hivyo masanduku yaende kwa jozi za uzito sawa. Watoto walikaa na mizani ya jikoni na ile ya bafuni wakipima na kuandika kilo juu ya kila sanduku kwa chaki, mdogo ndo alikuwa karani, namba zake nyingine zilikuwa zimegeuka lakini zilisomeka.

Kila sanduku liwe na namba, na daftari moja liandikwe namba hiyo ina nini. Usiandike "vitabu", andika "kusoma, mdogo" au "sayansi, mkubwa". Utashukuru.

Hatua ya 5: Kasha la darasa

Hili ndo lenyewe. Kasha moja la bati, linakaa na mama, halipandi lori kwa hali yoyote, mkipanda basi liko miguuni kwako.

La kwetu lilikuwa na nini: kila mtoto daftari moja la hesabu na kitabu kimoja cha kusoma, moja tu, wasikudanganye. Kalamu za risasi kumi na mbili, vichongeo vitatu kwa sababu kimoja lazima kipotee. Vibao viwili vidogo na chaki. Kadi za majedwali. Juzuu zao na msahafu. Tableti na chaja na pawabanki iliojaa, na masomo ya wiki mbili yameshashushwa ndani, usitegemee bando. Kitabu cha hadithi tulichokuwa tunasoma pamoja usiku, na hicho tulihakikisha tuko katikati yake, wasikimalize kabla ya safari, ili usiku wa kwanza nyumba ngeni kuna jambo moja linaloendelea kutoka ile nyumba ya zamani. Na mkeka.

Mkeka ndo darasa. Nyumba mpya haina meza, haina viti, meza iko kwenye boti la kesho, lakini ukikunjua mkeka ule ule waliozoea kukalia kila asubuhi wanajua shule imefunguliwa.

Unafungwa lini? Usiku wa mwisho, baada ya kila kitu. Sisi tulisoma mpaka siku moja kabla ya lori, nusu saa nusu saa tu, nyumba tupu inarudisha sauti, mdogo akawa anasoma kwa kupiga kelele apate kujisikia mwangwi. Hakuwahi kusoma kwa furaha namna hiyo.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Baba alienda na lori, sisi na basi la asubuhi. Safirini mchana, bebeni vitambulisho mkononi maana kuna vizuizi vya ukaguzi njiani mtashushwa, na watoto waambieni mapema wasiogope askari.

Siku hiyo hakuna somo. Nasema hivi kwa sababu kuna wazazi wana hamu, kila mti wanataka kuuliza swali. Watoto wamelala saa tano usiku wameamka saa kumi alfajiri, waache. Niliwapa kitu kimoja, kila mmoja aandike au achore vitu vitano alivoviona. Ukitoka tu Malindi unavuka Mto Sabaki, maji ya hudhurungi, huo ndo Athi unaotoka huko bara, ukifika kati unaitwa Galana, ukikaribia bahari Sabaki, mto mmoja majina matatu. Halafu Mambrui, Gongoni, Marereni na mashamba yake ya chumvi, chungu nyeupe kama theluji ya kwenye picha. Garsen unakutana na Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya. Witu, Hindi, Mokowe. Mkubwa alichora chumvi, wa kati akaandika ng'ombe watano, ati ni vitu vitano. Mdogo alilala mpaka Mokowe.

Pale Mokowe patana bei ya boti na ya mahamali kabla mzigo haujaguswa, mzigo ukishapanda huna sauti tena. Watoto wavae jaketi za kuelea hata kama wanaona haya, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe watoto tu, asihesabu masanduku. Mwingine ndo akae na lile daftari la namba, kila sanduku likishuka anatia alama. Tulipoteza kitu kimoja tu, mguu wa meza, ukapatikana kesho yake umeegemezwa kwenye ukuta wa gati, hakuna alouchukua.

Hatua ya 7: Wiki mbili za kwanza

Asubuhi ya kwanza, kabla sijajua sufuria ziko wapi, nilikunjua mkeka mkabala wa kiwanda. Chai tulinunua, na mahamri ya mama wa pembeni. Tulisoma saa moja. Mambo matatu tu, kusoma, hesabu, na Qur'ani, na hivo hivo kwa wiki mbili. Sayansi, sanaa, Kiingereza cha sarufi, vyote vikangoja. Ratiba kamili ukitaka kuirudisha wiki ya kwanza utagombana na kila mtu na bado vyombo havijatoka magunia.

Mchana ni kutembea, na huko ndo sayansi na historia zinakujia zenyewe ukiwa huna haraka. Nyumba yenyewe ni kitabu. Wahesabu boriti za kila chumba. Waulize kwa nini ukuta ni mnene hivi na ndani baridi. Birika letu la maji lina samaki wadogo, mdogo alidhani ni mapambo, kumbe wanakula viluwiluwi vya mbu, utaratibu wa wazee wa zamani, akakaa hapo siku nzima kuwavizia wanavyokula. Maji ya mji yanatoka visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela, hii Shela ya Lamu sio ile ya Malindi, mvua inazama mchangani inakaa chini, hilo tulienda kwa miguu ufukweni kuviona vilima na tukachimba shimo. Ngome pale mkabala wa soko, iliomalizwa kujengwa mwaka 1821 hivi, ina maktaba ndani, nenda nao wiki ya kwanza wazoeane na anayeiangalia. Makumbusho iko pale pwani, unaweza kuiacha mpaka mvua inyeshe.

Na lugha. Sisi tunajiona Waswahili, tumezaliwa Malindi, lakini Kiamu kina mambo yake. Siku ya tatu bibi wa nyumba ya mkabala, mtu mzima mwenye huruma, amesimama dakani, barazani pa mlango wake, anamwita mdogo, "Ndoo mwanangu, ndoo!" Mtoto akageuka mbio ndani, akatoka anaburura ndoo ya maji mpaka kwa bibi. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndoo yao ndo njoo yetu. Kutoka siku hiyo tukafungua daftari jipya, mato ni macho, ndia ni njia, yeo ni leo, nti ni nchi, na kila jioni mdogo anaenda kwa bibi kuchukua maneno matatu na kurudi na visheti. Somo la Kiswahili la muhula mzima limetokana na ile ndoo.

Hatua ya 8: Majirani, chuo, na lile swali

Swali litakuja, dukani, msikitini, kwa mama mkwe kwenye simu: "Hawa mbona hawaendi skuli?" Usianze hotuba. Usiseme shule ni mbaya, yule anayekuuliza wanawe wako shule na pengine mwenyewe ni mwalimu. Mi najibu, wanasomea nyumbani na mimi, asubuhi mpaka saa sita, karibu siku moja uone. Wawili walikuja kweli. Mmoja, mwalimu aliyestaafu, sasa anakuja Jumatano kumfundisha mkubwa insha na hataki hata senti, anataka kahawa na mtu wa kubishana naye.

Mzee wa mtaa nendeni mumwone wiki ya kwanza, baba na mama pamoja, kwa salamu tu, na lile faili liwe kwenye mkoba. Hakulifungua. Aliuliza watu wa nani, tukaelezana mpaka akapata ndugu yake anayemjua shangazi yangu, basi.

Chuo, yaani chuo cha Qur'ani, usichelewe. Hata kama watoto wanasomea nyumbani kila kitu, chuoni ndo watapata wenzao, manake saa za asubuhi watoto wote wa mtaa wako shule na wako watabaki wanaangaliana. Wetu walianza chuo wiki ya pili, mkubwa alikataa siku mbili, ya tatu akarudi na mpira wa watu. Ukitaka kujua kama mtoto amehamia usimuulize, muangalie saa kumi jioni yuko wapi.

Masanduku yaliobaki yafungueni polepole, moja kwa wiki, anayehitaji kitu afuate namba kwenye daftari alilete mwenyewe. Na vile vidaka vya ukutani vinavyoita vitabu, ngoja kwanza. Nilivipanga humo vyote vizuri vikapendeza, masika ilipoingia ukuta ukatoa jasho na vya chini vikashika ukungu. Sasa humo tumeweka makombe ya pwani na yale mawe ya rangi, vitabu viko kwenye bati, na kila jua likitoka baada ya mvua wanavipandisha darini kuvianika, kurasa wazi, kila kimoja na jiwe lake.